Tela Lililoshika Breki Kwenye Tuta la Bahi

Mwaka ule mvua zilizidi, mbuga ya Bahi ikajaa maji, na kaka yangu akaamua kuhamishia huko boti yake aliyokuwa akivulia kwenye bwawa la Hombolo. Alikuwa amenunua tela la mtumba la kubebea boti. Akalifunga nyuma ya pikapu, akaniomba nimsindikize, kwa kuwa niliwahi kufundisha Bahi na njia za majaruba ya mpunga nazijua. Nilikubali haraka. Maji nayaogopa tangu utotoni, lakini safari yenyewe niliiona ni ya barabarani tu.

Mchana tuliacha lami, tukaingia kwenye tuta la udongo linalopita katikati ya mashamba ya mpunga. Nililikumbuka likiwa pana. Siku ile maji yalikuwa pande zote mbili, mazito kama uji, yakila kingo zake polepole. Katikati ya tuta tukakutana na mzee anakuja mbiombio, jembe begani, nguo zimelowa hadi kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Msiende! Mbele kumekatika, maji yanakuja. Rudini!"

Hakusimama. Alijipenyeza kando ya gari akishikilia bodi, nami nikamtazama kwenye kioo mpaka boti ikamficha.

Kaka akaweka rivasi. Gari likarudi kidogo, likagoma. Akaongeza moto, tairi za pikapu zikarusha tope, lakini za tela hazikuzunguka hata kidogo. Tela likaburuzika, mkia wake ukaanza kuelekea majini. Nikapiga kelele, naye akasimamisha.

"Limenasa kwenye tope," alisema.

Akasogea mbele kidogo. Tela likafuata bila shida. Akarudi nyuma, likashika tena. Halikuwa tope. Tukashuka, akapiga jeki upande mmoja juu ya kipande cha ubao, akazungusha tairi kwa mkono. Ilizunguka vizuri. Akagusa kitovu cha gurudumu, hakikuwa cha moto.

"Beringi nzima, na breki hazijagandia," alisema. "Zinashika tukirudi nyuma tu."

Akashusha jeki, akaenda kuinama kwenye shingo ya tela, pale linapoungana na gari. Alinionyesha chuma kinachoteleza ndani ya kingine. Gari likifunga breki, alisema, tela linasukuma mbele, chuma kile kinaingia ndani na kuvuta breki za tela. Tukirudi nyuma kinaingia vilevile, na tela haliwezi kujua tofauti. Kulikuwa na kilimi kidogo cha kukizuia wakati wa kurudi nyuma, ila kilikuwa kimeliwa na kutu. Kaka akakigonga kwa mpini wa jeki. Kikakatika, kikaangukia majini.

Nyuma yetu bonge la udongo likaporomoka kutoka ukingoni, nikasikia lilivyomezwa.

"Kaka, tuache kila kitu. Twende kwa miguu."

"Wanangu wanakula kwa hii boti, mdogo wangu."

Akavuta gari mbele ili chuma kitoke chote, akaisokomeza spana kubwa kwenye nafasi iliyobaki, akaifunga kwa ukanda wa tyubu. Kisha akasema neno ambalo nilikuwa naliogopa. "Boti imeniziba, sioni kitu nyuma. Nenda uniongoze. Kaa upande wangu nikuone kwenye kioo."

Nikaenda. Nilitembea kinyumenyume ukingoni, mkono juu, na panga la injini ya boti, lile la kusukumia majini, likinifuata usawa wa uso. Spana ikichomoka, breki zingeshika ghafla na tela lingeyumba upande wowote, pengine wangu. Nilisema "njoo, njoo" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Udongo ukaachia chini ya mguu wangu. Nikaanguka, mguu mmoja ukazama hadi gotini, na panga likaendelea kuja.

Likasimama karibu kabisa na kichwa changu.

"Dada! Uko wapi? Dada!"

Niliinua mkono tu. Nikasikia mlango, akaja, akanivuta kwa kwapa, wala hakunilaumu. Tuliporudi kuangalia shingo ya tela, tulikuta kule kusimama ghafla kumekivuta chuma nje, na spana inaning'inia kwenye tyubu. Angerudi nyuma hivyo hivyo bila kuangalia, tela lingetumaliza. Akaifunga upya, safari hii mizunguko mingi. Nikaenda tena kusimama nyuma, maana hakukuwa na mwingine.

Tulipofika kwenye changarawe ya kando ya lami nilikaa chini. Kaka alitaka kuitoa spana, kwa sababu ikibaki pale tela halina breki kabisa barabarani, nami nikainuka nikaikata tyubu. Sehemu tuliyopigia jeki haikuonekana tena, maji yalikuwa yakipita juu yake.

Boti ilibaki uani kwa rafiki yake hadi maji yalipopungua, na fundi wa mjini akaweka kilimi kipya. Siku aliyoishusha mbugani alinipigia simu kwa furaha. Nilimuuliza kama alirudi nyuma peke yake.

"Hapana, nilipata mtu wa kuniongoza."

Nilimpongeza, nikaagana naye. Chakula kilikuwa mezani, nami sikuweza kula, nikimfikiria huyo mtu.