Shuka Kati ya Mama na Mkwewe

Mama, mjane wa askari aliyezeekea kambini, hakuogopa kitu isipokuwa mkwewe. Si kwamba mume wangu ni mkali. Ni Mkenya mpole anayeuza vipuri vya pikipiki mtaani Kabalagala. Ila kwetu kaskazini mama na mume wa binti yake hawakaribiani, hata mikono hawapeani, na Mama aliishikilia mila hiyo kama kiapo cha jeshi.

Kisha akateleza bafuni kwake Luzira, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Tatizo likawa nani wa kumuuguza, maana nesi hutoa dawa, lakini kulisha, kuogesha na kumwaga chombo cha haja ni kazi ya ndugu. Mimi hufundisha asubuhi, na kaka yangu yuko jeshini mbali. Akabaki mume wangu. Alifunga shuka kwenye kamba kando ya kitanda, akakaa upande wa pili, akaahidi kwamba Mama akibanwa, yeye atamwita nesi asaidie.

Mama hakutaka mkwewe asikie hata kwamba amebanwa. Akaamua asinywe maji, asije akakojoa kabla sijafika. Chai niliyomwachia aliimwaga kwenye beseni la kunawia lililokuwa kando ya kitanda, nami nikikuta kikombe kitupu nafurahi.

Daktari akaniita. Mwili wa mzee aliyetoka kupasuliwa ukikauka, alisema, figo huumia upesi, na za Mama zilikuwa zimeanza kuchoka. Wakamtundikia dripu. Kesho yake mchana moyo wake mkongwe ukazidiwa na maji yale, yakajaa mapafuni. Mama akawa anahema, macho yamemtoka.

Nesi alikimbilia oksijeni na sindano, akaniagiza nimkalishe wima. Nilivuta, nikashindwa. Nikamwita mume wangu, aliyekuwa nyuma ya shuka. Mama akainua mkono kumzuia, akapaza Kiswahili chake cha kambini:

"Hapana kuja! Mimi iko uchi!"

Hasira zikanipanda. Nilimpenda, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi.

"Mama, aibu utaiona ukishapona. Leo hufi!"

Mume wangu aliing'oa ile shuka, akamfunika nayo kifuani, akampitishia mikono kwapani na kumwinua. Alimwegemeza kifuani pake mpaka sindano ikafanya kazi, akitazama dari muda wote na kurudia, "Pole, mama. Pole sana." Mama alilia. Nililia pia, lakini mto niliomkingia ubavuni sikuuachia.

Figo zilirudi polepole. Sasa tunampimia maji, yasizidi wala yasipungue, na hakuna anayemwaga chai mbele yangu. Siku aliyoruhusiwa kusimama na fremu ya kutembelea, nilimshika kiunoni huku miguu yangu mwenyewe ikitetemeka. Mume wangu alikuwa amesimama karibu, anatazama dirishani. Mama hakumgeukia. Aliniambia mimi, kwa sauti ya kambini:

"Ambia bwana yako, kesho yeye ndiyo atashika mimi. Wewe utaangusha mimi."