Maji ya Mfereji Tuliyoyapeleka Ukerewe

Wale mliokulia Nakuru wakati mmoja na mimi mnaijua ladha ya lile vumbi jeupe. Kiangazi kikikaza, upepo ulitoka ziwani na magadi yake, ukaingia machoni, ukaingia kwenye chai, na nguo zilizoanikwa zikarudi ndani zimekakamaa. Sisi tulicheza michezo yetu ya kati na brikicho humo humo, midomo imepasuka. Mama wa mtu yeyote pale mtaani kwetu Bondeni aliweza kukuita, akakupaka mafuta usoni, kisha akakuchapa kofi moja kwa sababu anazozijua yeye. Nyumbani hukusema, maana ungeongezwa la pili. Mtoto wa siku hizi hebu mguse uone. Kabla hujafika kwako ameshaandika kwenye simu, na watu mia wamekutukana.

Ziwa lilikuwa letu, lakini hatukuwa na kazi nalo. Hakuna aliyevua samaki, hakuna aliyeoga. Lilitazamwa kutoka mbali, limejaa flamingo na harufu yake. Mama yangu alitufunza mapema kwamba maji ya ziwa huchubua koo na kuharibu matumbo, na alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kutusimulia moto wa jehanamu. Mama akishasema, amesema. Mjomba Athumani, kaka yake, aliwahi kumweleza kwamba Naivasha watu wanakunywa maji ya ziwa na hawajambo. Mama akamjibu kwamba watu wa Naivasha wana yao.

Nyumbani tuliishi na Mamdogo Rukia, mdogo wake mama. Wazazi wao walifariki yeye angali mchanga, mama akamlea pamoja na sisi watoto wake. Rukia ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenisimamia nikihifadhi juzuu, na ndiye aliyenifichia kaimati za mwisho chini ya kawa. Tulilala kitanda kimoja. Kwa hiyo alipoposwa na Hamisi, fundi wa redio kutoka kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, aliyekuja kutafuta kazi mjini kwetu, mimi nilimchukia kabla sijamwona vizuri. Nilikuwa na miaka kumi. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na hilo liliniudhi zaidi.

Kwa desturi yetu ndoa hufungwa kwao bi harusi. Lakini baba yake Hamisi alikuwa mgonjwa, hawezi hata kukaa, na alitaka kumwona mwanawe akioa kabla ya siku zake kwisha. Mama alifikiri wiki nzima, kisha akakubali tumpeleke Rukia kisiwani. Alikubali kwa sharti moja. Alisema mbele ya watu kwamba akifika huko akaona mahali pasipomfaa mdogo wake, atamshika mkono arudi naye, na mahari itarudishwa mpaka shilingi ya mwisho. Mimi nililala siku hiyo nikiwa na matumaini makubwa.

Sasa fikiria mwenyewe. Kisiwa, pande zote ziwa. Mama alikaa akapiga hesabu zake, akaona wale watu hawana maji ya kunywa. Siku ya safari akatoka na mitungi miwili ya lita ishirini, imejaa maji ya mfereji wa Nakuru, midomo imefungwa kwa nailoni na kamba. Mjomba Athumani alijaribu kusema neno, akaangaliwa, akabeba.

Maji yale yalipanda basi mpaka Kisii, yakapanda jingine mpaka mpakani. Askari wa mpakani aliufungua mtungi mmoja, akanusa, akaonja, akanusa tena. Alikuwa na hakika ni chang'aa, pombe ya magendo. Alipoambiwa ni maji ya kunywa na yanakwenda Ukerewe, aliwaita wenzake nao waje wasikie. Kwenye feri ya kuvukia kisiwani abiria walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Mama alikaa katikati ya mitungi yake, kidevu juu, buibui limemkaa sawasawa, kana kwamba wanamcheka mtu mwingine. Hata leo sijui nguvu ile aliitoa wapi. Mimi nilitamani kuzama.

Na kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Migomba, michungwa, mawe makubwa yaliyopandana, majani mabichi hata wakati ule wa kiangazi, na hakuna vumbi. Walitupokea kwa vigelegele. Mama yake Hamisi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu, alituletea maji kwenye bilauri, maana ndiyo heshima ya kwanza ya mgeni. Mama alishukuru vizuri sana, akaiweka bilauri chini, akaniambia nimmiminie kutoka mtungini.

Nikammiminia. Wale akina mama wakaangaliana.

Sisi hatukujua tumefanya nini. Wao walijua. Mgeni anayekuja kwako na maji yake mwenyewe anakwambia kwamba anaogopa utamwekea kitu. Anakuita mchawi bila kufungua mdomo. Asubuhi yake sufuria za harusi zilikuwa bado baridi, na wazee wawili walikuja kumwuliza Mjomba Athumani ikiwa dada yake amesikia neno lolote baya juu ya nyumba ile. Mjomba alijieleza kuhusu magadi na flamingo, lakini mtu ambaye hajaona ziwa letu utamweleza nini akakuelewa? Yule mgonjwa huko ndani, tuliambiwa, amegeukia ukutani hataki kula. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nilijua harusi ikivunjika Rukia atarudi kitandani kwetu.

Kabla ya adhuhuri mama yake Hamisi alikwenda ziwani na kikombe cha bati. Alichota mbele ya macho yetu sote, akapanda polepole mpaka ukumbini tulipokaa, akanywa nusu yake, kisha akamnyooshea mama.

"Mama," alisema, "kama maji yangu unayaogopa, huyu binti unamwacha hapa anywe nini?"

Hakupandisha sauti. Mama alikitazama kile kikombe kwa uoga. Ulikuwa uoga wa kweli, uoga wa mtu aliyeamini jambo maisha yake yote. Aliutazama mlango wa chumba alichowekwa Rukia. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kimya kabisa. Mimi nilimshika buibui kwa nyuma nikaomba kwa juzuu zote nilizohifadhi kwamba asinywe.

Mama alipiga bismillahi. Alikunywa mpaka mwisho, akakaa kidogo akisikiliza koo lake, halafu akakirudisha kikombe.

"Niongezee," alisema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Mwanza. Maji ya mfereji wa Nakuru yaliishia kwenye pilau la harusi, na baba mgonjwa alibebwa na kitanda chake akaishuhudia ndoa. Tuliporudi nyumbani mama aliwaambia majirani kwamba yeye siku zote alijua maziwa yanatofautiana. Hakuna aliyethubutu kumbishia. Ila kwenye feri ya kurudi, Rukia amebaki gatini na kanga yake mpya, mama aligeuza uso upande mwingine akalia mpaka nchi kavu, na mimi nilikuwa nimeshakasirika siku tatu, sijaonja tone la maji yao.

Leo tunakwenda harusini kila mtu na chupa yake ya maji mkononi, na hakuna anayeona ni tusi. Binti yangu alinijulisha mchumba wake kwa kunitumia picha, chini ameandika "mum, ndio huyu". Namshukuru Mungu ni kijana mzuri. Lakini sikuulizwa, na nilipomwambia sikuulizwa alicheka, akanibusu, akasema siku hizi mambo ni tofauti.

Mama alipofariki, Mamdogo Rukia alikuja Nakuru kwenye matanga. Amezeeka, ana watoto sita na wajukuu sina hesabu yao, na anaongea kama watu wa kule. Tulikaa jikoni sisi wawili, nikamwungamia nilichokuwa nikiomba siku ile nyuma ya buibui la mama. Nilidhani atacheka. Badala yake akanishika mkono.

"Unajua nyuma ya ule mlango nilikuwa nafanya nini?" aliniuliza. "Nilikuwa nimekalia sanduku langu, nimeshalifunga. Hamisi nilimpenda, na yeye alijua. Lakini dada angekiweka kile kikombe chini, ningetoka nimfuate, na nisingemwuliza kitu mpaka naingia kaburini."