Msinifunike Miguu

Siku hizi nikisikia watu wakibishana kuhusu kipindi cha televisheni, naondoka. Wakiniita mwenye maringo, sawa tu. Maoni ya watazamaji niliyasikia yakanitosha, Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipokuwa tumepanga kwenye ploti ya vyumba vya mabati ambamo televisheni ilikuwa moja tu, ya mama mwenye ploti.

Kila Alhamisi baada ya habari tulijazana kwake kutazama tamthilia ya hospitali yenye mzuka. Muuguzi aliyekufa zamani alipita wodini na sare yake nyeupe, na mgonjwa yeyote aliyefunikwa naye miguu kwa blanketi hakupona. Kipindi kikiisha, kesi inaanza. Mama mwenye ploti, mtu wa kanisa sana, alishikilia kwamba yule ni pepo wa kukemewa. Jirani yetu mwalimu, mtu wa magharibi mwa Kenya, alisema ni malaika, tena ana huruma kuliko madaktari wote wa pale. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa amekuja kutoka Ukambani kukaa nasi. Yeye aliwacheka wote.

"Watu wazima mnaogopa mtu amepakwa unga usoni," alisema. "Nyinyi muko na shida."

Kumbe ilikuwa imemwingia.

Mwezi wa saba kifua kilimbana, mama akampeleka hospitali kule Kajiado, akalazwa. Kesho yake tukamwona anaingia getini peke yake, ameshuka basi la barabara ya Namanga, slipa za wodi bado ziko miguuni. Mama akamuuliza kama ameruhusiwa. Susu akasema hapana. Asubuhi muuguzi mmoja wa makamo alikuwa amepita, akamfunika miguu bila kusema neno, akaenda. Susu hakungoja dawa.

Baridi ya Kajiado mwezi huo kila mtu anaijua. Yule muuguzi wa watu alimwonea mgonjwa wake huruma, basi. Lakini ploti nzima ilikusanyika kwetu kana kwamba Alhamisi imefika mapema. Mama mwenye ploti akakemea. Mwalimu akasema hata kwenye kipindi kuna mmoja aliyefunikwa akapona, wakaanza kubishana kama ni kweli. Chai ikapikwa. Mama alisema atamrudisha Susu hospitali, Susu akakataa, na siku iliyofuata wakaja wengine na maoni yao, huku mwenyewe anakohoa pale kwenye kona. Najuta, na nitazidi kujuta, kwamba katika watu wote wale hakutokea hata mmoja wa kumshika mkono ampeleke steji. Mabasi yalikuwa yanapita.

Ombi lake lilikuwa moja tu. "Msinifunike miguu."

Tukamtii. Alilala na miguu nje ya blanketi, na kutoka kwa godoro langu niliviona vidole vyake, vimepauka kwa baridi.

Alhamisi hiyo televisheni haikuwashwa. Susu alikuwa ametuacha alfajiri. Wanawake wa ploti walisimama pale kitandani, na hakuna aliyetaka kugusa blanketi. Mama akawapita, akalivuta taratibu mpaka likafika kwenye nyayo, akalichomeka vizuri pande zote.

"Mama yangu ameshikwa na baridi siku hizi zote," akasema.

Hakuna aliyetoa maoni.