Bustani ya Ilhom

Mukaddas binti Ergash, mjukuu wa Tursun aliyechimba mfereji kwa jembe mpaka maji yakafika mji wetu wa Margilan, binti wa mfuga viwavi wa hariri, na yeye mwenyewe mfumaji ambaye nguo zake zimewavika maharusi wa mtaa wetu: huyo ndiye jirani yangu, na ukuta wetu ni mmoja.

Ilhom, mwanawe wa pekee, alipokwenda Urusi kwenye kazi za ujenzi, aliuma mkate kama ilivyo desturi ya msafiri, na mama yake akautundika ukutani umngoje mwenyewe arudi aumalize. Siku hiyohiyo akamwekea mama mchezo wa bustani kwenye simu. Bustani zao zikapakana. "Tutaonana humu, mama," akasema.

Enzi hizo mtaa mzima tulilima humo. Mchezo uligawa zawadi kila asubuhi, nasi tukaukimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Baadaye zawadi zikapungua, matangazo yakazidi, wanawake wakahamia michezo mingine mmoja mmoja. Ilhom naye akaacha. Akawa anapiga simu sikukuu tu, kisha hata sikukuu zikapita kimya.

Mukaddas hakuacha. Bustani isiyotiwa maji wiki nzima, mchezo huifuta. Lakini jirani anaruhusiwa kuimwagilia. Basi akamwagilia yake na ya Ilhom.

"Dada, nyanya za kwenye kioo zinanyweshwa, za uani kwako zimekauka!" nilimtania.

"Za uani haziniulizi niko wapi." Akanionyesha simu. Imeandikwa: Mbona kimya? Mimea yako ina kiu.

"Hayo wanaandikiwa watu wote, shoga. Hawataki uondoke tu."

"Najua, mimi si mjinga. Lakini leo nani mwingine kaniandikia?"

Nikammiminia chai.

Juzi daktari kamwambia atapasuliwa macho, na simu asiiguse mpaka yapone. Akaja kwangu, simu kaifunga kwenye leso.

"Salomat, utanimwagilia. Yangu ikikauka, iache ife. Ya Ilhom usiiache."

"Mie, na vidole hivi?"

"Vidole hivyo vimekunja unga wa manti za nyama tangu usichana, vitashindwa na kioo? Tena sikiliza. Asubuhi yoyote ukiingia ukakuta ya Ilhom imeshatiwa maji, usingoje hata chai ichemke. Njoo hospitali uniambie."