Neva ya Mkono Wangu wa Kushoto

Asubuhi hiyo nilikuwa nikifua soksi kwenye karai, kambini kwetu ng'ambo ya mpaka, na Barasa akinicheka kwamba nafua kama bwana harusi. Tulikulia ploti moja ya nyumba za kupanga, mtaa wa Baba Dogo jijini Nairobi, tukaingia jeshini pamoja. Alikuwa zamu ya jikoni, anakaanga vitunguu.

Kombora la kwanza lilitua nyuma ya jiko.

La pili sikulisikia. Nilijikuta chini, kiwiko cha kushoto kimepasuka.

"Mutua, niangalie mimi," Barasa alisema. Alinifunga mkono kwa mshipi wake, akaniburuta hadi handakini. Kisha akatoka tena kumfuata mwenzetu mwingine aliyejeruhiwa.

Hakurudi.

Hospitalini Nairobi daktari alinieleza kwamba neva, ule mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni, ilikuwa imekatika. Alitoa kipande cha neva mguuni, akaziba pengo. "Itaota upya," alisema, "lakini polepole sana." Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa na ganzi, vimejikunja. Kisu kikivikata, nilijua kwa kuona damu.

Mke wangu, Kavinya, aliisubiri neva ile kuliko mimi. Kila Jumapili tukitoka kanisani alinigongagonga mkono kwa ncha ya kidole, kutoka kiwikoni kushuka, kama daktari alivyomfundisha. Pale niliposikia kama shoti ya umeme, alitia alama kwa kalamu.

"Baba Mwende, imesogea!"

"Kiasi gani?"

"Punje ya mchele."

Akabusu pale penye wino, nami nikajifanya nimeumia ili abusu tena.

Ilipita zaidi ya mwaka ndipo ikafika vidoleni. Hisia zilirudi, nguvu hazikurudi zote. Kabla ya jeshi nilichonga vinyago na baba yangu. Sasa nimeacha jeshi, nimerudi kwenye vinyago, lakini patasi huniponyoka, kwa hiyo napiga msasa, wengine wachonge.

Mwezi ule hisia ziliporudi vidoleni, tulimtembelea mama yake Barasa. Akanimiminia chai.

"Shika na huo mkono, mwanangu."

Nikakizungushia kikombe vidole vyote.

"Ni moto?"

"Ni moto, Mama. Hadi kidole cha mwisho."

Alicheka, akapiga makofi, akamshika Kavinya mabega. Alifurahi kwelikweli. Kisha akakaa, akaniomba jambo ambalo hakuwahi kuniomba: nimweleze mwanawe alivyokufa, nisimfiche kitu.

Nikaweka kikombe chini, nikamweleza.