Mjane wa Shufaa anayetoka nje akiwa eda

Saa nne asubuhi, Kaole. Shufaa Bwanausi anashona sare za shule, lakini masikio yake yako uani, ambako waigizaji wake wanafanya mazoezi. Akisikia neno limekosewa, anasimamisha cherehani.

Ana miaka 46 na ameandika tamthilia sita. Hakuna hata moja iliyompa mlo.

"Cherehani ndiyo inalisha watoto," anasema. "Tamthilia naandika kwa sababu kuna mambo hapa kijijini hayasemwi."

Hii mpya inamhusu mjane anayesikia kwamba mkutano wa kijiji umeitishwa kujadili kiwanja chake. Anakaa eda, na bado miezi miwili aimalize. Anavaa buibui, anatoka kwenda kujitetea.

Shufaa alipoionyesha mara ya kwanza, mwezi uliopita, haikufika mwisho. Katika kikundi chake watazamaji wanaruhusiwa kukatiza mchezo na kukosoa, na wanawake ndio huanza. Akasimama Adila Sufiani, jirani yake anayekaanga samaki.

"Da Shufaa, mjane gani huyu? Udongo wa kaburi haujakauka, yeye kiguu na njia?"

Watu walicheka. Shufaa akaeleza kwamba alimuuliza shehe, naye akamwambia mwenye dharura anaweza kutoka mchana. Adila hakubishana na sheria.

"Ruhusa ipo. Ila Kaole hii, wewe umemwona nani katoka?"

Wanawake kadhaa wakajitanda kanga zao, wakaondoka.

Swali lile lilimkosesha raha. Akimwacha mjane ndani, wanawake watarudi, lakini kiwanja kitaamuliwa bila yeye, kama vinavyoamuliwa vya wengine. Akimtoa, hawamwamini.

"Nikiandika mambo yalivyo tu, nimewasaidia nini? Nikiandika ninavyotaka mimi, nazungumza peke yangu."

Akamfuata Adila jikoni kwake, akamwomba aigize jirani anayemzuia mjane mlangoni, kwa maneno yale yale aliyoyasema. Adila alikubali kwa sharti moja: jirani huyo asibadili mawazo hata mchezo ukiisha.

Leo yumo mazoezini, na sauti yake inafika barabarani. Mjane bado anatoka, ila sasa anatoka huku anasemwa.

Jumamosi watacheza kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Shufaa hatarajii wajane waanze kutoka kesho yake.

"Nataka siku wakiitisha tena mkutano wa viwanja, mtu mmoja aulize nani yuko eda, asubiriwe amalize," anasema. "Akiuliza Adila, itanitosha."