Salamu za Mlimani

Saa nne asubuhi ya Jumanne, mzee wa Kianjokoma alimwambia daktari mjini Embu kwamba hachoki. Nilikuwa kwenye benchi nje, na mlango uliachwa wazi.

Picha ilionyesha valvu ya moyo wake imejaa kalsiamu na kukakamaa, damu ikipita kwa shida. Daktari alisema kama anaishiwa pumzi akipanda mlima, afanyiwe upasuaji haraka.

"Mimi ni mzima, daktari. Napanda na kikapu cha majani chai mgongoni."

Mkewe akakohoa. "Daktari, huyu siku hizi ni mtu wa salamu. Akipanda kidogo, anasimama kusalimia. Hata wale tuligombana nao juu ya mpaka wa shamba, anawauliza habari ya ng'ombe."

"Mama watoto, kusalimia ni makosa?"

"Juzi nilikupata ukisalimia mgomba."

Mzee alivua kofia, akaiangalia ndani. "Kulikuwa na mtu nyuma yake."

Daktari alingoja, kalamu mkononi.

"Haya, andika ninachoka."

Nawajua wazee kadhaa wa huku ambao adabu yao sasa naitilia shaka.

Daktari aliandika barua ya upasuaji. Mzee alinyoosha mkono, lakini mkewe ndiye aliyeichukua.